Ubao wa Jumatatu

Watu wa Uriri wakimtaja siku hizi husema alikuwa mama mpole, mtu wa kufurahia vitu vidogo vidogo. Nasikia hivyo sokoni, nasikia hivyo matangani, na kila mara damu inanipanda kichwani. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi, mimi na saluni yangu, yeye na kinu chake cha kusagia mahindi, na nasema wazi kwamba sijawahi kumjua mtu mwenye hasira kama yeye. Huo upole mmembunia baada ya kuondoka. Mtu mpole hamdai yeyote chochote, na nyinyi mnapenda kumkumbuka hivyo kwa sababu aliwadai.

Wote tulimwita Mwalimu. Wazee walimwita Japuonj, ambalo ni neno lilo hilo kwa Kijaluo. Alikuwa amestaafu shule ya msingi, akafungua kinu kando ya barabara, na alipoondoka shuleni hakuomba zawadi ya saa wala blanketi. Aliomba ubao wa zamani uliokuwa umetupwa nyuma ya stoo. Akaupaka rangi upya, akaupigilia misumari kwenye ukuta wa mbele wa kinu, pale watu wanapopanga foleni na madebe yao na gorogoro zao, yale makopo ya kupimia mahindi. Kila Jumatatu, kabla ya kuwasha injini, aliufuta kwa kitambaa kilicholowa maji, akaandika mistari minne. Mistari hiyo ilianza kwa namna ile ile kila wiki: Natamani. Nimefurahi. Nimejifunza. Naacha.

Kuna wiki aliandika: Natamani kuona theluji. Nimefurahi kwa kiazi kitamu cha jana, kikiwa baridi, na chai ya moto. Nimejifunza kwamba nyuki wanaofanya kazi ni wa kike. Naacha kununua sahani, kwa maana nina mdomo mmoja.

Watu walicheka, lakini walisoma. Waendesha bodaboda walipunguza mwendo ili wasome. Mfanyabiashara Mwislamu wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuja kwetu kutoka mbali na ambaye Kijaluo chake kilikuwa cha kuhesabia bei tu, alimletea chaki, kwa sababu ule ubao ulikuwa wa Kiswahili na yeye alihisi ni wake pia. Wateja wangu waliingia saluni wakiwa wamekwisha kusoma, na huku nikiwasuka wakabishana kuhusu nyuki.

Kiswahili chenyewe alikilinda kama shamba lake. Ukifika kinuni ukasema, "Mwalimu, unga yangu iko wapi?" alikuangalia tu. Injini inanguruma, foleni inangoja, yeye amekunja mikono mpaka useme unga wangu uko wapi. Mzee mmoja aliwahi kumwambia kwamba njaa haijui ngeli. Mwalimu akamjibu kwamba karani anayekuandikia vibaya anajua ngeli vizuri sana, na akamsagia mahindi yake baada ya watu wote. Hakukuwa na utani ndani yake hapo. Aliamini kabisa kwamba mtu asiyeweza kusema analotaka kwa sentensi iliyonyooka ataibiwa maisha yake yote, na jambo hilo lilimkasirisha sana.

Najua alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Huyu aliyeandika kila Jumatatu kitu cha kuacha alikuwa na viatu vingi kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu, vimepangwa chini ya kitanda, vingine bado viko ndani ya karatasi. Nikamuuliza siku moja kama viatu havimo katika mambo ya kuacha. Akaniambia, "Nyar Ogwedhi, miguu hii ilienda shule peku mpaka nikamaliza. Usiiguse." Aliniita hivyo daima, binti wa Ogwedhi, kwa sababu huko ndiko nilikozaliwa, mji wa mnada wa ng'ombe, na sidhani kama aliwahi kutamka jina langu lenyewe. Alituhimiza tuwe na subira, na yeye mwenyewe hakuweza kungoja chai ipoe. Alituambia tusipoteze siku kwa kununa, akamnunia dada wa kanisani kwao msimu mzima wa mahindi kwa sababu ya sufuria iliyorudishwa ikiwa imeungua.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakubadilika juu yake hata kidogo, na ndilo ninalotaka watu walielewe. Mhubiri kijana alipita kinuni akausifu ubao. Alisema Mwalimu anafanya kazi ya Mungu, anawafundisha watu kuridhika na hali yao. Mwalimu alizima injini. Ukimya ukawa mkubwa hadi mimi nikatoka saluni na kitana mkononi. Akamwuliza kijana yule nani alimwambia kwamba anafundisha kuridhika. Kisha akasema, polepole, kama anayeandikia darasa la kwanza, "Kuacha ni kuweka chini kitu ulichokuwa nacho mkononi. Asiyepewa hajaacha chochote. Yeye ameachwa." Mhubiri aliondoka bila kumaliza kusagisha.

Sasa niseme kuhusu Akoth, kwa kuwa bila yeye Mwalimu anabaki nusu.

Akoth aliuza ndizi mbivu kwenye kibaraza cha kinu. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye watoto wawili, aliyetolewa shule akiwa bado hajaunganisha herufi. Mwalimu hakumtoza chochote kwa kukaa pale ila kitu kimoja: kila Jumatatu Akoth awe wa kwanza kuusoma ubao, kwa sauti, foleni yote ikisikia. Mwanzoni ilikuwa mateso. Alisoma silabi kwa silabi, jasho likimtoka, na mtu akijaribu kumsaidia, Mwalimu alimkemea. Baada ya muda akawa anasoma kwa madaha, ndizi mkononi kama kipaza sauti. Na siku moja akaomba chaki.

Aliandika chini ya mistari ya Mwalimu, kwa herufi kubwa zilizoinama: NATAMANI KUZAA KWA KITANDA.

Wakati huo alikuwa na mimba ya tatu. Wale wawili wa kwanza aliwazalia sakafuni nyumbani kwa mama mkwe. Na ng'ambo ya barabara, kwenye zahanati, wadi mpya ya kina mama ilikuwa inamalizika. Tuliiona kutoka kibarazani: mabati ya bluu, kuta nyeupe, madirisha ya vioo. Mwalimu alifuta maneno mawili tu, akaandika "kitandani". Kisha akasogea nyuma akausoma tena ule mstari, na nikaona amefurahi kwa namna ambayo viazi havikuwahi kumfurahisha.

Wadi ilimalizika. Vitanda vikaletwa na lori, tukasaidia kuvishusha. Halafu mlango ukafungwa. Tuliambiwa hauwezi kufunguliwa kabla Mheshimiwa tuliyemchagua hajaja kukata utepe, na Mheshimiwa alikuwa na shughuli. Siku ikapangwa, ikaahirishwa. Ikapangwa nyingine, hema likaja, hema likaondoka. Ufunguo ulisemekana uko kwa mwanakandarasi, mwanakandarasi akasema uko ofisini, ofisi ikasema ngojeni sherehe. Muuguzi wa zahanati aliendelea kuwazalisha wanawake kwenye chumba kile kile cha kupimia watoto uzito, chenye benchi moja.

Akoth alishikwa na uchungu asubuhi akiwa anapanga ndizi. Mimi na Mwalimu tulimvusha barabara. Chumba cha muuguzi kilikuwa na mama mwingine tayari. Tukamketisha kwenye baraza la wadi mpya, mgongo wake umeegemea mlango uliofungwa, na Mwalimu akaenda dirishani. Ninamkumbuka amesimama pale, viganja viwili kwenye kioo, akitazama vitanda vimepangwa mstari, vikiwa bado vimefunikwa nailoni.

Mtoto alizaliwa pale pale barazani, juu ya leso yangu na leso ya Mwalimu. Alikuwa msichana, na alilia vizuri. Akoth akatabasamu, kisha damu ikaanza kumtoka na haikukoma. Muuguzi alifanya yote aliyoyajua kwa mikono yake miwili. Gari la kumpeleka hospitali ya Migori lilipopatikana, Akoth alikuwa ameshakuwa baridi vidoleni, na hawakufika naye.

Mtoto yupo. Analelewa na bibi yake. Ni mtundu na mrefu, na anacheka kama mama yake.

Jumatatu iliyofuata ubao ulibaki mtupu. Ile iliyofuata, Mwalimu aliandika mstari mmoja: Natamani mlango ufunguliwe. Wiki iliyofuata akaufuta, akaandika maneno yale yale. Na nyingine. Hakuacha kuufuta kwanza. Kila Jumatatu aliufuta na kuuandika upya, kana kwamba ni jambo jipya. Watu walichoka. Walianza kumwambia Mwalimu turudishie viazi vyako, turudishie nyuki. Mteja wangu mmoja, nikiwa nimemshika nywele, alisema huyu mama sasa anachosha, kifo ni cha kila mtu. Nilimwambia asimame atoke nje na kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa, na alitoka, na mpaka leo tukikutana hatusalimiani. Sijutii.

Hatimaye sherehe ikafika. Kulikuwa na mahema, viti vya plastiki, wanafunzi wa kuimba, na bango kubwa lililofunika ukuta wa wadi, na juu ya bango uso wa Mheshimiwa ukitabasamu. Chini ya uso waliandika: Furaha Iko Katika Vitu Vidogo. Nilisoma mara ya kwanza sikuelewa. Kisha nikakumbuka kwamba Mwalimu aliwahi kuandika maneno hayo ubaoni, mwaka wa viazi, na mtu aliyapiga picha kwa simu. Nadhani namjua. Naibu wa chifu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani na alipenda sana kuupiga picha ule ubao.

Bango lenyewe lilikuwa limesimamishwa kwenye baraza lile. Miguu yake ya mbao ilikuwa imechimbiwa mahali Akoth alipolala.

Mheshimiwa alihutubia. Alisema serikali haiwezi kufanya yote kwa siku moja, na kwamba watu wa Uriri wana bahati ya kuwa na Mwalimu anayewafundisha kuishi maisha rahisi bila kunung'unika. Akaomba asimame apigiwe makofi. Makofi yakapigwa. Mwalimu akasimama, akaenda moja kwa moja mpaka mbele, na kwa kuwa walidhani anakwenda kushukuru, wakampa kipaza sauti.

Alimwuliza Mheshimiwa watoto wake walizaliwa wapi. Mheshimiwa alicheka, akasema hayo ni mambo ya nyumbani. Mwalimu akageuka akalitazama bango, kisha akatutazama sisi.

"Mimi niliandika kuhusu viazi," akasema. "Sikuandika kuhusu damu."

Hakuendelea mbali. Alisema jina la Akoth, akaanza kusema kwamba mlango huu ulikuwa na ufunguo siku ile, kisha kipaza sauti kikazimwa na muziki ukafunguliwa kwa nguvu. Aliendelea kusema. Tuliokuwa karibu tuliona midomo yake ikienda, mishipa ya shingo imesimama, na wale wa nyuma wakawa wanacheza. Hilo la kucheza ndilo nisiloweza kulisamehe. Mheshimiwa ni Mheshimiwa. Lakini waliocheza walikuwa wamekula ndizi za Akoth.

Utepe ukakatwa, wakaingia, wakapiga picha na vitanda.

Baada ya majuma machache wakaja watu na rangi nyekundu. Wakachora alama ya X kwenye ukuta wa kinu, wakasema jengo liko ndani ya ardhi ya barabara. Saluni yangu imeshikana na kinu kile. Duka la vifaa vya ujenzi limeshikana na saluni yangu. Sisi wote tumejenga mstari mmoja, ukipiga uzi hautapotoka hata kidogo, lakini X ilikuwa moja. Nilikwenda kwa naibu wa chifu nikamwambia hivyo. Akaniambia nisitafute shida ambayo haijanitafuta. Nikamwambia huyo ndiye aliyekufundisha kushika kalamu. Akainamia simu yake.

Tingatinga lilikuja asubuhi. Mwalimu alikuwa ametoa injini ya kinu na kuiuza. Ubao hakuutoa. Nilipomsihi tuubandue akakataa, akasema wauangushe, lakini na wao wausome. Aliuandika asubuhi hiyo hiyo, ingawa haikuwa Jumatatu, maneno yale yale ya mlango, na dereva wa tingatinga, kijana ambaye sikumjua, alikaa juu ya mashine akausoma muda mrefu kabla ya kuwasha. Kisha akawasha.

Binti mkubwa wa Mwalimu akaja kumchukua, akampeleka Homa Bay. Mwalimu hakuaga watu. Mimi aliniachia jozi moja ya viatu ambavyo havinitoshi.

Kuhusu wadi: inafanya kazi, mnaweza kusema hivyo. Kuna siku muuguzi yupo na siku hayupo, na taa zinategemea siku. Wanawake wanajifungulia vitandani. Sikatai kwamba hilo ni jambo. Ninachokataa ni kushukuru.

Miaka imepita. Mwaka huu Mheshimiwa anatafuta kiti kikubwa zaidi, na ghafla amemkumbuka Mwalimu. Naibu wa chifu alikuja saluni mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia kwa sauti tamu kwamba wameamua kuipa wadi jina la Mwalimu. Kibao kitaandikwa, kutakuwa na sherehe, gari litatumwa kumchukua. Kilichobaki ni akubali, na mimi ndiye rafiki yake. Nilitaka kumfukuza. Sikumfukuza, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kumwona Mwalimu na nilitaka sababu ya kwenda.

Nilimkuta nyumbani kwa binti yake, kwenye mteremko unaoelekea ziwani. Binti alinipokea mlangoni, akanishika mkono, akaniomba kwa upole nisimtajie mambo ya Uriri, kwa ajili ya presha. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Amekonda sana. Jicho moja limeingia ukungu, kwa hivyo hasomi tena, na jirani humsomea gazeti, naye humsahihisha matamshi. Tulikunywa chai. Akaniuliza habari za saluni, za mzee wa vifaa vya ujenzi, za mtoto wa Akoth kama ameanza shule. Nikamwambia ameanza, na anasoma kwa kupiga kelele. Akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akaweka kikombe chini.

"Nyar Ogwedhi, umetumwa," akasema. "Mtu aliyekuja kwa hiari yake haketi ukingoni mwa kiti."

Nikamwambia yote. Binti yake akanikazia macho, lakini nilishaanza. Na nitasema ukweli wangu: sehemu ya moyo wangu ilitaka akubali. Nilitaka jina lake liwe pale ukutani ili Mheshimiwa alione kila akipita, limkwame kooni.

"Mimi nilizalia pale?" akaniuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Nilifia pale?"

"Hapana."

"Mpigie huyo aliyekutuma. Weka sauti nje."

Nikapiga. Naibu wa chifu alipokea haraka, kwa furaha, akamwambia Mwalimu jinsi wanavyomkumbuka, jinsi Mheshimiwa mwenyewe anavyomtaja kila mahali. Mwalimu alimwacha amalize. Kisha akamwambia kwamba amesikia wanatafuta jina, na jina lipo. Waandike Akoth.



"Akoth gani, Mwalimu?" akauliza naibu. "Hiyo jina iko mingi."

Niliwahi kuiona hasira ya Mwalimu kwa kila sura, lakini ya wakati ule sikuwa nimeiona. Hakupandisha sauti. Alijiinua akakaa wima kwenye kiti, akachukua simu mkononi mwangu, akaisogeza karibu na mdomo.

"Una kalamu?"

"Mwalimu, nitakumbuka tu."

"Sikukuuliza kama utakumbuka. Umeshasahau. Tafuta kalamu."

Tulisikia droo ikivutwa, karatasi zikichakurwa, kiti kikiburutwa. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe na hakusogea. Mwalimu alingoja. Kisha akaanza, kwa ile sauti ya imla, akiacha nafasi baada ya kila maneno machache ili mkono wa kule umfikie.

"Akoth alikuwa akiuza ndizi mbivu, Uriri. Nukta. Alijifungua mtoto wa kike kwenye baraza la wadi hii. Nukta. Alikufa njiani kwenda Migori, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa ukimngoja Mheshimiwa. Nukta. Nisomee."

Naibu akasoma. Mtu mzima, mwenye ofisi na bendera mlangoni, akasoma kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, na alipofika mwisho akapunguza sauti hadi ikapotea.

"Sentensi ya mwisho sikuisikia," Mwalimu akamwambia. "Rudia. Na usimeze maneno."

Akarudia.